Anatakiwa Mpiga Picha

"Inua kidevu," alisema mpiga picha, na mzee aliyesimama kifua wazi mbele ya mashine ya eksirei akainua kidevu. Mpiga picha akamshusha bega la kushoto kidogo, akamsogeza mguu, akarudi nyuma na kumtazama kwa jicho moja, kisha akamwambia afikirie kitu kizuri. Mzee akauliza kitu gani. Chochote, akajibiwa, mradi kiwe chake mwenyewe. Mzee akavuta pumzi, akaizuia, akafikiri, na mashine ikatoa ule mlio wake wa kukwaruza. Nyuma ya mzee ukutani lilining'inia pazia kubwa lililochorwa ngazi nyeupe zenye vyungu vya maua kila upande. Ngazi zilipanda, zikapanda, zikaishia hewani, kwa sababu mchoraji alifika mwisho wa kitambaa.

Mji mzima ulimwita Bi Kidevu. Maharusi wote walikuwa wameambiwa na yeye wainue kidevu, na watoto wa shule, na wazee waliotaka kuacha sura zao ukutani kabla hazijawaponyoka. Kisha simu zikaota macho, kila mtu akawa mpiga picha, na studio yake ikabaki ya pasipoti na ya kukuza picha za marehemu. Hakulalamika sana. Alifuta vumbi kwenye kamera zake, akakaa mlangoni na kuwatazama watu wakijipiga wenyewe, videvu vimezama shingoni.

Ndipo mashine ya eksirei ilipoletwa hospitali. Ilikuwa zawadi ya kiwanda cha unga wa mawe, na Mwenyekiti wa kiwanda alikuja mwenyewe kuikabidhi, akasema sayansi sasa imefika mlangoni kwa mwananchi. Ilikuwa imefika kweli, ndani ya sanduku la mbao, na haikuwa na wa kuiendesha. Uongozi wa hospitali ukabandika tangazo getini: Anatakiwa mpiga picha mwenye uzoefu. Kwa kuwa Kiswahili hakibagui, mifupa hupigwa picha na bibi harusi naye hupigwa picha, aliyeandika tangazo hakuona tatizo, aliyelibandika hakuona tatizo, na Bi Kidevu aliyelisoma akienda sokoni hakuliona pia. Alifika kwenye usaili na albamu zake kwapani. Wasaili walitumia muda wote kutafuta harusi zao humo ndani. Mganga Mkuu alipoipata yake alisema kumbe aliwahi kuwa na nywele, na Bi Kidevu akapata kazi.

Fundi aliyekuja kufunga mashine ndiye aliyegundua. Lakini barua ya ajira ilikwisha kutiwa sahihi na muhuri, na kuifuta kungekuwa kukiri kosa. Uongozi ule haukuwa umewahi kukiri kosa, wala haukuona kwa nini uanzie hapo. Fundi akamfundisha: vitufe, umbali, ile aproni nzito ya kujikinga, pumzi ivutwe lini na iachiwe lini. Mwanafunzi alikuwa mwepesi. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kumpiga mtu picha mbele ya ukuta mtupu kana kwamba ni mhalifu, na ndiyo maana alileta pazia lake kutoka studio. Fundi alisema halitadhuru kitu. Akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Mifupa yake ilitoka safi tangu mwanzo. Baadaye picha zikaanza kutoka na vitu vingine ndani yake. Mwalimu wa shule ya msingi alipigwa kifua, na katikati ya mbavu zake likaonekana darasa, watoto wamekaa chini wamebanana hadi chini ya ubao. Kijakazi aliyeletwa na bosi wake akilalamika kichomi alionekana ana jiko kifuani, na mlango wa jiko umefungwa kwa nje. Daktari wa kifua aliweka kila picha kwenye sanduku la taa, akatazama mbavu, akasema picha imetulia. Aliyeweza kupewa dawa alipewa. Wagonjwa wengi waliomba nakala ya pili ya kuweka nyumbani, na jamaa zao walisema hapo ndipo panapofanana naye hasa. Waliotengeneza mashine waliandikiwa, nao wakajibu kwa adabu kwamba jambo hilo halimo kwenye dhamana.

Kisha wakaanza kuja wa kiwandani.

Kiwanda kile husaga mawe hadi yawe unga laini kuliko wa kula. Unga huo umo kwenye rangi za nyumba, umo kwenye vigae, umo kwenye sabuni na dawa ya meno, na hakuna anayeamka asubuhi asiutie mkononi au mdomoni. Ni ugunduzi mkubwa, nani atabisha. Jiwe lililokuwa likiwakwaza watu njiani sasa linawang'arisha meno. Na wanaolisaga hutoka kazini weupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, wakapita mitaani jioni wakiacha nyayo, na baada ya miaka kadhaa wakaanza kukohoa. Kiwanda kilisema ni sigara. Kwa wasiovuta, kilisema ni baridi.

Vifuani mwao mlikuwa na kiwanda. Mlinzi alikuwa na geti. Washona magunia walikuwa na ghala, na walionekana wenyewe humo wamejiinamia. Kila mmoja alikuwa nacho kwa pale aliposimama. Daktari alizitazama picha hizo moja baada ya moja, akaandika kifua kina kiwanda, endelea na dawa ya kikohozi.

Hospitali ilikuwa na wifi ya bure ambayo haikushika hata ukipanda juu ya kiti. Wifi wa Bi Kidevu alishika vizuri zaidi. Alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, akasema lile lile: mumewe anakohoa. Mumewe alikuwa mdogo wake Bi Kidevu, kitinda mimba wa mama yao, na kazini walimwita Chokaa kwa sababu alitoka mweupe kuliko wenzake wote. Alikuwa wa kinuni, anayekilisha kinu mawe kwa beleshi.

"Wifi, huyu mdogo wako anatoa jiwe," alisema siku moja. "Makohozi yake yakikauka hayabanduki. Nimezibia ufa wa mlangoni."

"Umeziba?"

"Umeziba, hata maji hayapiti. Lakini mimi nilikuwa nataka mume, sikuwa nataka saruji."

Kiwandani kulikuwa na kanuni, na kanuni ilikuwa nzuri. Mfanyakazi atakayeleta cheti cha daktari kinachosema kifua chake kimeharibiwa na vumbi, ataondolewa kwenye kusaga, atapewa kazi ya nje, na atatibiwa na kiwanda mpaka apone au Mungu amchukue. Kanuni ilibandikwa ndani ya kioo ili isichafuke. Hakuna aliyewahi kuleta cheti cha namna hiyo, na kiwanda kililitaja jambo hilo kwa fahari kila mwaka. Bi Kidevu alitaka cheti hicho kimoja tu. Alimwita mdogo wake, na Chokaa akaja shingo upande, akisema ana zamu mchana, na kwamba dada yake tangu utoto anapenda kuyakuza mambo kama anavyokuza picha.

Safari hii alifanya kila kitu kama fundi alivyofundisha. Alishusha pazia, akalikunja, akaliweka kwenye kona. Hakumwambia afikirie kitu kizuri. Hakumwambia hata ainue kidevu, ingawa Chokaa alikiinua mwenyewe, maana alikuwa amelelewa na dada huyo. Bi Kidevu alitaka mapafu, mapafu matupu yenye ugonjwa wake, kama yalivyo kwenye vitabu vya daktari. Alibonyeza kitufe huku akiomba kimoyomoyo picha itoke mbaya.

Ilitoka safi kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Kiwanda kilijaa kifua kizima, kutoka kwenye mifupa ya mabega hadi mbavu za mwisho. Kinu kilionekana kikiwa kwenye kazi, na wingu la unga juu yake, na Chokaa mwenyewe yumo, mdogo kama kidole, beleshi mkononi, mdomo wazi bila kitambaa wala chochote. Nyuma yake palikuwa na kabati lenye kioo, na ndani ya kabati barakoa zimepangwa safu kwa safu, mpya, bado zimo kwenye mifuko yake ya nailoni. Kabati lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni kwa nyapara, aliyesimama mbali na vumbi, na juu ya kabati maandishi yalisomeka bila miwani: Usalama Kwanza.

Bi Kidevu aliitazama picha hiyo mpaka macho yakamuuma. Alijua habari za vumbi, mji mzima ulijua. Hakujua kwamba barakoa zipo. Alipanda ngazi kwenda kwa daktari wa kifua, na hakungoja aitwe.

Daktari aliiweka kwenye sanduku la taa.

"Naona kiwanda," alisema. "Ni kile kile. Ghala lile pale, kinu hiki hapa."

"Basi andika cheti."

"Niandike nini, Bi Kidevu? Vitabuni kuna uvimbe, kuna maji, kuna makovu. Kiwanda si ugonjwa."

"Mapafu yako wapi?"

"Yako nyuma. Kiwanda kimeyaziba, siyaoni."

"Na kinachoziba mapafu ya mtu hakiitwi ugonjwa?"

Daktari alivua miwani, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na nyumba ya hospitali ambayo hakutaka kuhama.

"Nikiandika kabati la barakoa limefungwa," alisema, "wataniuliza ni mfupa gani huo."

Bi Kidevu akaipeleka picha kwa Mganga Mkuu. Mganga Mkuu naye aliona si uungwana kumjadili mtu asiyekuwepo, na kwenye picha ile kiwanda kilikuwa kingi kuliko mgonjwa, kwa hiyo akaipeleka kiwandani wapate kutoa maoni yao.

Kiwanda kilitoa maoni upesi. Hakikukana kitu. Ni kiwanda chetu, kilisema, na kimetoka vizuri, ila getini pana maandishi makubwa yanayosema marufuku kupiga picha, na tungependa kujua picha hii ilitokaje. Chokaa akaitwa. Nyapara alimkumbusha kwamba wafanyakazi hupekuliwa mifuko kila wakitoka ili wasiondoke na mali ya kiwanda, na sasa imebainika kwamba yeye amekuwa akitoka na kiwanda kizima, kinu na ghala pamoja, bila kutamka neno. Chokaa alisema hakujua kuwa anacho. Akapewa onyo la maandishi, akarudishwa kinuni. Alipoanza kukohoa mbele ya nyapara, nyapara alimwomba asimwage.

Mwenyekiti, hata hivyo, alikuwa mtu wa kupenda sanaa. Aliiweka picha mbele ya dirisha la ofisi yake na kuitazama asubuhi nzima. Alisema hajaona mwanga kama ule. Kiwanda kingefadhili maonyesho, akasema, ili umma uone jinsi sayansi na sanaa zikishikana mikono zinavyogusa maisha ya kila siku, na Bi Kidevu apewe tuzo.

Bi Kidevu alikataa katakata. Alisema yeye hapigi picha za kutazamwa, anapiga za kutibiwa. Mganga Mkuu akamketisha na kuzungumza naye kwa ulimi laini. Fikiria, alisema, wakubwa wote watakuwepo, na daktari atakuwepo, na Mwenyekiti mwenyewe. Wote wataliona lile kabati kwa macho yao. Nani atakuwa na uso wa kumnyima mdogo wako cheti mbele za watu? Bi Kidevu alifikiri usiku na mchana. Akakubali kwa ajili ya cheti.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mpya wenye zulia. Picha za vifua zilikuzwa, zikawekewa taa kwa nyuma, zikapewa majina. Mwalimu aliitwa Elimu. Kijakazi aliitwa Nyumbani. Chokaa aliwekwa peke yake kwenye ukuta wa mbele, mkubwa kama mlango wa gereji, akaitwa Kazi. Wageni walisimama mbele yake na glasi zao za juisi wakisema ana huzuni yenye heshima. Walilisifu wingu la unga. Mmoja alisema lile kabati ndilo linaloshikilia picha yote, na kwamba bila kabati jicho lingetangatanga.

Chokaa mwenyewe alikuwa ameazima koti, akasimama kando ya picha yake kama alivyoelekezwa. Vumbi lilimtoka kila akikohoa na kutua kwenye taa. Mama aliyesimamia maonyesho akamwendea kwa heshima zote, akamwomba akangoje nje mpaka aitwe, maana picha inafifia. Alikwenda kukaa kwenye ukingo wa maua, na hakuitwa.

Bi Kidevu alipopewa kipaza sauti alikuwa na hotuba iliyoandikwa na hospitali. Hakuifungua.

"Huyo mwenye beleshi ni mdogo wangu," alisema. "Tumenyonya ziwa moja. Yuko hapo nje, mmemtoa. Kabati hilo lina barakoa, na ufunguo ule pale shingoni kwa nyapara. Sitaki tuzo. Fungueni kabati, mwandikieni cheti chake. Anakufa."

Wageni wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wamesimama, na wengine walifuta machozi kwa zile karatasi za mezani. Mama wa maonyesho alimkumbatia. Mgeni mmoja alimuuliza kama alikuwa ameyafanyia mazoezi yale maneno au yalikuja yenyewe.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amepeleka uso wake karibu kabisa na picha, amekunja macho, anatazama. Bi Kidevu alimwona, na moyo ukamruka. Alijiambia, ameliona. Mwenyekiti alimwita nyapara kwa kidole, akamwonyesha mahali fulani juu, upande wa kulia, palipokuwa na ubavu wa pili. Bati moja la ghala lilikuwa limetoboka. Mvua ikinyesha, alisema, unga wote wa safu ile utaganda. Nyapara akashukuru kwa kuonyeshwa. Wiki haikuisha, bati likabadilishwa.

Na Chokaa akapata cheti. Kiliandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye karatasi nzito, kina sahihi ya Mwenyekiti na sahihi ya daktari wa kifua, na kilikuwa cheti cha shukrani kwa mchango wake katika sanaa. Alikipeleka kazini, kwa sababu kanuni ilisema cheti na hiki kilikuwa cheti, na sahihi ya daktari ilikuwepo. Nyapara alikisoma chote kwa makini, akageuza nyuma kuona kama kuna kingine, akampa mkono wa hongera. Akamwambia beleshi lake liko pale pale.

Siku hiyo Bi Kidevu alikwenda mwenyewe getini. Alimngoja nyapara atoke, akamzibia njia, akamwambia ampe ufunguo. Hakuomba. Nyapara alishangaa kidogo, si kwa ujeuri wake, ila kwa kuwa mama mtu mzima hakuelewa jambo jepesi hivyo.

"Mama, zile ni za wakaguzi," alimweleza taratibu. "Wakija wanataka kuziona. Zikivaliwa zitachafuka, na wakikuta zimechafuka watatuandikia vibaya."

Bi Kidevu alimtukana. Alimtukana matusi ambayo hakuwahi kuyatamka tangu azaliwe, mengine aliyabuni pale pale, na nyapara aliyasikiliza yote kwa sababu alikuwa mtu mwenye subira na wenye ndugu kinuni huwa wanafanya hivyo. Unga ulimwangukia alipokuwa akisema. Alirudi nyumbani mweupe, akakoga mara mbili, na bado maji yalitoka kama maziwa.

Chokaa alifanya kazi mpaka beleshi lilipomshinda kuinua. Akalazwa. Wodini walimpa kitanda cha pembeni, kwa sababu kiwanda kilianza kusikika kifuani mwake. Mwanzoni ilikuwa ngurumo tu, kama gari linalopita mbali. Baadaye wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanasikia kinu waziwazi, na king'ora cha kubadilisha zamu kilipolia kiwandani, kililia na kifuani mwa Chokaa, kikichelewa kidogo. Wauguzi walikizoea, wakawa wanabadilishana zamu zao kwa hicho. Mkewe alikaa kitandani anampepea, na kila baada ya muda anakung'uta shuka.

"Dada, sipati usingizi," Chokaa alimwambia Bi Kidevu. "Mle ndani hawapumziki."

"Najua."

"Ila tangu wabadilishe bati, sivujiwi."

Alisema hivyo bila kucheka, na Bi Kidevu hakuweza kujua kama ni utani. Walikuwa wametaniana maisha yao yote. Akamfuta unga kwenye kope.

Daktari aliagiza picha nyingine ili aone maendeleo. Kitanda kikasukumwa hadi chumba cha eksirei, Bi Kidevu akaipiga hapo hapo kitandani, na akaishika mbele ya dirisha mwenyewe. Kiwanda kilikuwa kimepanuka. Geti lilikuwa limefika kooni. Chokaa hakuonekana tena kwenye kinu. Beleshi lilikuwa limeegemezwa kwenye lundo la mawe, linangoja mtu. Daktari akaja, akasimama nyuma ya bega lake, akatazama naye.

"Bati jipya," alisema daktari. "Wametengeneza vizuri."

"Na kabati?"

Daktari alitazama tena, kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa ameulizwa.

"Kabati liko vile vile."

Bi Kidevu akamwambia aondoke mbele yake. Daktari akaondoka, na kwenye faili akaandika kushindwa kupumua. Chokaa alishindwa kupumua kabla ya chakula cha mchana. Mkewe alimwita jina lake la nyumbani mara nyingi, kisha akanyamaza, na katika kimya kile kinu kilisikika kikiendelea.

Jeneza lilikuwa zito. Waliolibeba walikuwa watu wa kinuni, watu waliozoea mizigo, na bado walipokezana kila baada ya hatua chache. Hakuna aliyeuliza sababu. Mmoja wao alisema wenye ghala huwa wepesi zaidi, kwa kuwa magunia hutoka na kuingia, lakini kinu ni chuma kitupu. Walikuwa wamekuja wengi, zamu yote ya mchana, kwa ruhusa ya kiwanda, na kiwanda kilileta shada kubwa la maua meupe. Walimshusha kwa kamba, kamba zikalia. Wakashika mabeleshi, na wanaume wale walijua kulitumia beleshi. Kaburi lilikuwa limekaribia kujaa.

King'ora kikalia chini ya udongo.

Kililia kwa kirefu, kama kilivyo, kikasikika makaburini kote. Watu wa kinuni wakasimamisha mabeleshi. Wakatazamana, wakajikung'uta suruali, wakampa mkono mjane mmoja mmoja na kumwambia pole, shemeji, wakampa Bi Kidevu pia. Kisha wakaenda kazini. Walikwenda kwa haraka, wengine wakikohoa, kwa sababu atakayechelewa geti humfungia. Bi Kidevu akaokota beleshi mojawapo. Hakujua kulitumia, na hasira ilimfanya alishike vibaya zaidi, lakini aliuchota udongo na kuutupa pale sauti ilipotokea, akauchota na kuutupa, huku wifi yake amekaa chini anamtazama, na kinu kimeanza kusaga.